Je, wajua kwa nini tairi la pikipiki hulika upande?

Gari hukata kona likiwa wima, kwa hiyo tairi lake ni bapa. Pikipiki hukata kona kwa kulala, na ndiyo maana tairi lake limeviringwa kutoka bega hadi bega: hata ikilala, mpira uendelee kushika lami. Umbo hilo likiharibika, pikipiki hubadilika tabia hata kama tairi bado lina meno.

Chukua bodaboda anayenyoosha barabara kutwa nzima, nyuma kapiga mishikaki ya abiria au kafunga magunia. Tairi la nyuma ndilo linalobeba mzigo na ndilo linalosukuma, basi katikati yake huisha kwanza. Mviringo unageuka bapa lenye kingo mbili. Ukifika kwenye kona pikipiki inagoma kulala. Ukiilazimisha, inavuka ukingo na kuangukia upande kwa ghafla. Hapo wengi hulaumu usukani. Upepo ukizidi, katikati huisha upesi zaidi. Ukipungua, mabega ndiyo yanayoliwa na tairi huchemka.

Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto, kwa hiyo kona ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto: unavuka barabara nzima ukiwa umelalia kulia. Mzunguko wa barabarani nao ni hivyohivyo. Basi usishangae bega la kulia likitangulia kuisha. Rwanda, Burundi na Kongo, wanakopita kulia, bega la kushoto ndilo la kutazamwa.

Lakini tofauti ikiwa kubwa, usiishie kwenye barabara. Angalia cheni ilivyokazwa. Kila upande wa ekseli ya nyuma kuna alama ndogo za mistari, nazo zinapaswa kulingana. Fundi mwenye haraka hukaza upande mmoja kuliko mwingine, gurudumu likatazama pembeni, nawe ukalazimika kushikilia usukani ukiwa umepinda kidogo ili uende moja kwa moja. Tairi hulika upande, na sproketi nayo huumia.

La mbele lina ugonjwa wake. Simamisha pikipiki, izime, kisha pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kuelekea mbele, halafu rudisha nyuma. Upande mmoja mkono unateleza. Upande mwingine unakwaruzwa kama umegusa msumeno. Breki za mbele huvuta kila jino upande uleule, siku baada ya siku, na upepo mdogo au shokapu zilizochoka huzidisha hali hiyo. Barabarani utasikia mngurumo, na usukani unaweza kutetema unapopunguza mwendo. Beringi za shingo ya usukani zikiwa zimelegea, mtetemo huo huwa wa hatari.

Kununua tairi jipya na kuacha cheni iliyokazwa vibaya au shokapu mbovu ni kutupa pesa, maana hilo jipya nalo litakwenda njia hiyohiyo. Ndugu dereva, pima upepo asubuhi kabla tairi halijapata moto, fuata kipimo cha kiwanda, na mwambie fundi akuoneshe alama za ekseli za pande zote mbili kabla hujamlipa. Ukishafunga tairi jipya, nenda taratibu kilomita 100 za kwanza na usiilaze sana pikipiki kwenye kona, kwa sababu mpira mpya huteleza.