Je, Wajua? Miligramu Mbili za Mafuta Ghafi

Je, wajua kwamba moshi wa petroli ni mzito kuliko petroli yenyewe? Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Ikiungua yote, hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi. Kila atomi ya kaboni iliyokuwa ndani ya mafuta huondoka na atomi mbili za oksijeni ilizozinyakua hewani, na oksijeni ni nzito. Katika kila gramu 44 za gesi hiyo, gramu 12 ni kaboni, iwe imetoka kwenye petroli, kuni au sukari. Wakemia wameutegemea uwiano huo kwa karibu miaka 200: choma, pima kilichotoka, kisha rudi nyuma kwa hesabu.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine inayojiendesha. Mpimaji hutia miligramu 2 au 3 za mafuta ndani ya kikopo cha bati, akakikunja hadi kikawa mfano wa punje ya hindi, akakipanga na vingine kwenye sahani inayozunguka. (Bati hapa ni bati halisi. Mabati ya paa ni chuma kilichopakwa zinki.) Kimoja kimoja, vikopo hudondoka kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, na wakati huohuo oksijeni safi hupulizwa ndani. Hapo bati lenyewe hushika moto, na kwa nukta chache joto hupanda hadi karibu nyuzi 1,800. Hakuna kinachosalia bila kuungua. Gesi husukumwa na heliamu na kupita kwenye shaba ya moto, inayonasa oksijeni iliyozidi, kisha naitrojeni, kaboni dioksidi na mvuke wa maji hutenganishwa na kupita mbele ya waya wenye joto, gesi moja baada ya nyingine. Heliamu hupoza waya upesi, gesi hizo nyingine hazifanyi hivyo. Badiliko dogo la joto la waya ndilo linalosomwa kama kiasi cha kaboni, haidrojeni na naitrojeni. Dakika chache tu, na kikopo kingine kinadondoka.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1831 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alibuni chombo cha kioo chenye matufe matano, kilichojazwa maji ya potashi ili kunasa kaboni dioksidi. Alikipima kabla na baada ya kuchoma, na tofauti ya uzito ikampa jibu. Chombo hicho kiliwekwa kwenye nembo ya Chama cha Kemia cha Marekani. Fritz Pregl wa Austria, aliyekuwa akichunguza nyongo na kupata dutu kidogo mno ya kupima, akaipunguza sampuli hadi miligramu chache tu. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1923. Vikopo vya leo vina kipimo kilekile cha Pregl.

Mafuta ghafi karibu yote yana kaboni asilimia 83 hadi 87 na haidrojeni asilimia 10 hadi 14. Kwa hiyo bei na ugomvi viko kwenye hicho kidogo kinachobaki. Salfa ikiwa chini ya asilimia 0.5, mafuta huitwa matamu. Ikizidi, huitwa machachu, na kiwanda hugharimika kuiondoa. Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kwa dizeli kiliwekwa kuwa ppm 50, yaani gramu 50 za salfa katika tani nzima. Ili kuona kiasi hicho, mafuta huchomwa mpaka salfa igeuke gesi, kisha gesi humulikwa kwa miale ya urujuanimno, nayo hung'aa. Mng'ao ukiongezeka, salfa ni nyingi. Mashine nzuri hutambua hata gramu moja katika tani.

Kisha kuna metali, na hapa ndipo mafuta yanaponishangaza kuliko popote. Miaka ya 1930 Alfred Treibs, Mjerumani pia, alikuta ndani ya mafuta ghafi molekuli zilizoshikilia vanadiamu, zenye umbo la jamaa wa karibu wa klorofili, ile inayoyapa majani ukijani. Ukawa ushahidi mzito kwamba mafuta yalianza kama viumbe hai. Leo sampuli huyeyushwa kwenye kiyeyusho, ikapulizwa kama ukungu ndani ya mwali wa gesi ya argoni wenye joto kali kuliko uso wa Jua, na kila metali ikatoa rangi yake ya mwanga. Uwiano wa vanadiamu na nikeli husaidia kutambua mafuta yaliyomwagika baharini yalitoka wapi. Kwa kiwanda cha kusafisha mafuta metali hizo ni balaa, kwa sababu huharibu vichocheo vyake.

Oili iliyotumika nayo husomwa hivyohivyo. Kampuni za reli za Marekani zilianza kupima oili ya injini zao za treni katika miaka ya 1940. Chuma kikiongezeka, kuna kitu kinasagika. Silikoni ikipanda, mara nyingi ni vumbi la barabarani lililopenya kwenye chujio la hewa. Injini haijafunguliwa hata nati moja.

Lakini mashine hupima kile ilichopewa, na ndani ya tangi maji na mashapo hutuama chini. Ndiyo maana sampuli huchotwa juu, katikati na chini. Nta nayo ni tatizo: mafuta ya Lokichar, Turkana, na yale ya Uganda yana nta nyingi, huganda kwenye joto la kawaida. Ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa lipashwe joto njia nzima. Maabarani nako chupa huanza kwa kupashwa moto na kutikiswa hadi nta yote iyeyuke, kabla miligramu zile mbili hazijachotwa.