Je, Wajua? Uwazi Unaonasa Kichwa cha Mtoto

Je, wajua kwamba kwenye uwanja mpya wa michezo ya watoto, mkaguzi hupima hata uwazi kati ya vyuma? Viwango vya Ulaya na Marekani hukataa uwazi uliozungukwa pande zote wenye upana wa takriban sentimita 9 hadi 23. Mtoto akitanguliza miguu, kiwiliwili hupita, kichwa kikanasa.

Pia, chini ya bembea, udongo ulioshindiliwa haufai mtoto akianguka. Kiwango cha Ulaya kinataka vipande vidogo vya mbao, vikitumika, visipungue kina cha sentimita 20. Njombe na Makambako, nchini Tanzania, kwenye misitu ya misindano na biashara ya mbao, hakuna kisingizio cha kuvikosa. Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania inatambua haki ya mtoto kucheza. Kwa hiyo, kabla utepe wa uzinduzi haujakatwa, tikiseni nguzo, kagueni misumari.