Taa ya manjano ya freni: ujue mahali pa kapteri za magurudumu

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayepanda motokari pamoja na watoto,

Mji wetu wa Bukavu umejengwa juu ya vilima, kwenye kimo cha metre 1,500 hivi. Karibu kila njia hupanda au hushuka. Ukienda Uvira kwa njia ya Nyangezi, utateremka mlima wa Ngomo mpaka Kamanyola, katika uwanda wa Ruzizi. Katika njia kama hiyo freni ndiyo maisha yako. Basi, taa ya manjano yenye herufi ABS ikiwaka kwenye tablo, usiizoee.

Taa hiyo inasema nini?

ABS ni chombo kinachozuia magurudumu yasijifunge dereva anapokanyaga freni kwa nguvu. Gurudumu lililojifunga huteleza, na motokari inayoteleza haifuati tena usukani. Kampuni ya Bosch ilikitia katika motokari za Mercedes-Benz mwaka 1978. Leo kimo katika motokari nyingi zinazonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika.

Kapteri ndizo macho ya chombo hicho. Hupima mwendo wa magurudumu. Gurudumu moja likitaka kujifunga, kompyuta ndogo hulegeza freni yake kisha huikaza tena, mara nyingi katika sekunde moja. Kapteri ikishindwa, kompyuta huzima ABS na kuwasha taa. Freni za kawaida hubaki, lakini kwenye matope hakuna tena kizuizi cha kuteleza. Taa nyekundu ya freni ni jambo lingine: simama mara moja mahali salama, usiendelee na safari.

Kwanza jilinde

Usifanye kazi hii kwenye mteremko. Tafuta mahali tambarare, vuta freni ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Usiingize mwili chini ya motokari iliyoshikwa na kriki peke yake. Weka mihimili imara.

Kapteri iko wapi?

Mbele: toa gurudumu, uangalie nyuma ya diski ya freni. Utaona kijiti kifupi chenye unene wa kidole, kimefungwa kwa bulo moja, na waya unatoka. Usipokiona, fuata waya: mara nyingi huenda pamoja na mpira wa mafuta ya freni, hupanda kando ya amotiseri, kisha huingia ndani ya bodi.

Nyuma: angalia nyuma ya diski, au nyuma ya bamba la ngoma ya freni. Kwenye pikapu iliyo ngumu nyuma, tafuta kwenye ncha za ekseli. Pikapu nyingine za zamani zina kapteri moja tu nyuma, juu ya difrensi. Katika motokari nyingine kapteri imeungwa na rulema yenyewe.

Uangalie nini?

1. Waya. Mawe huukata, na mahali unapokunjwa huchoka. Tengeneza waya kabla ya kununua kapteri mpya.

2. Uchafu. Kapteri nyingi zina sumaku, nayo huvuta unga wa chuma unaotoka kwenye diski. Nafasi kati ya kapteri na pete yake ni kama milimetre 1 tu. Matope kidogo yanatosha kuiharibu kazi yake. Safisha kwa kitambaa.

3. Pete ya meno. Jino likivunjika au kutu ikiinua pete, hesabu ya mwendo inapotea.

4. Rulema. Katika motokari nyingi mpya hakuna meno. Pete ya sumaku imefichwa katika mfuniko wa rulema, nayo yaonekana kama mpira mweusi tu. Fundi akiiweka rulema kinyume, kapteri haioni kitu. Taa ikiwaka mara baada ya kubadili rulema, anza hapo.

Kapteri iliyoshikwa na kutu usiipige nyundo, itavunjika. Tia mafuta ya kulegeza kutu, ungoje.

Msifiche taa

Kuna watu wanaotoa balbu ili taa isionekane. Huko ni kumdanganya mnunuzi na kuhatarisha jamaa yake. Kabla ya kununua motokari, washa ufunguo: taa ya ABS lazima iwake, kisha izimike baada ya sekunde chache au motokari inapoanza kutembea. Isipowaka kamwe, uliza sababu.

Namna ya kuendesha

ABS ikiwa nzima na hatari ikitokea, kanyaga kwa nguvu, usiachie, uongoze usukani. Pedali itatetemeka chini ya mguu, si ubovu. Lakini ABS haikupi haki ya kukimbia: juu ya changarawe motokari inaweza hata kuchelewa zaidi kusimama.

Taa ikiwa bado inawaka, punguza mwendo, acha nafasi kubwa mbele yako, teremka kwa vitesi vidogo. Magurudumu yakijifunga, legeza mguu kidogo, kisha kanyaga tena.

Dereva wa kampuni, mwambie mkubwa wako wa garaji siku ileile taa inapowaka. Nawe uliye abiria, ukiiona, usinyamaze. Jamaa yako inakungoja nyumbani.