Mkia wa Tetemeko

Tetemeko dogo likitokea karibu na kituo cha kupimia, sismografu huchora kwanza wimbi la P, halafu wimbi la S ambalo kwa kawaida ndilo lenye nguvu zaidi. Baada ya hapo mtu angetegemea mstari utulie. Hautulii. Huendelea kuchezacheza kwa dakika nzima au zaidi, ukipungua polepole, mpaka umezwe na mitikisiko ya kila siku ya ardhi. Mkia huo huitwa koda, na kwa muda mrefu haukushughulisha watu: walitia alama P na S, wakapima ukubwa, basi. Kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya mchoro inayosema mengi kuliko zote.

Aliyeligeuza jambo hili ni Keiiti Aki, mwanasayansi Mjapani aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1969 alichapisha uchambuzi wa matetemeko madogo yaliyofuata lile la Parkfield, California, la 1966. Aliona kwamba, ukihesabu muda tangu tetemeko lilipotokea, mikia ya eneo moja hufifia kwa namna ileile, kituo kiwe karibu na chanzo au mbali nacho kidogo. Wimbi linalokuja moja kwa moja hueleza njia moja tu. Mkia usiojali njia hiyo umetoka kwingine, tena pande zote: ni mawimbi yaliyogonga nyufa na mipaka ya miamba ndani ya ganda la dunia, yakatawanyika, yakafika kituoni yamechelewa. Lililochelewa zaidi limezunguka mbali zaidi.

Mwaka 1975 Aki na Bernard Chouet walitoa kanuni ya kufifia huko, na ndani yake imo namba iitwayo Q. Q ikiwa kubwa, mawimbi hudumu. Tuchukue mtetemo mmoja kwa sekunde, tukiacha pembeni upungufu unaoletwa na wimbi kutanuka. Q ikiwa 100, kimo chake hushuka hadi kama asilimia 37 kwa sekunde 32. Q ikiwa 1,000, kushuka huko huchukua zaidi ya dakika tano. Miamba mikongwe na baridi huwa na Q kubwa, na ile ya moto chini ya volkano huwa na Q ndogo.

Ila kufifia ni kwa aina mbili, na hapa ndipo penye ugumu. Taa za gari zikiwashwa kwenye ukungu wa Lushoto, dereva haoni mbali, lakini mwanga haujafa: umetawanywa na matone, mwingine ukamrudia machoni. Huko ni kutawanyika. Kufyonzwa ni kitu kingine, maana nishati hugeuka joto na haionekani tena.

Mwezi ulizionyesha tofauti hizo waziwazi. Novemba 1969 wanaanga wa Apollo 12 waliacha sismografu juu yake, kisha sehemu ya chombo chao ikaangushwa makusudi. Mtikisiko ulidumu karibu saa nzima. Tabaka la juu la Mwezi limepasuliwa na vimondo, kwa hiyo hutawanya mno. Lakini ni kavu kabisa, kwa hiyo hufyonza kidogo sana. Ganda la Dunia lina maji katika nyufa zake, na hayo huchangia kuumaliza mkia mapema.

Kwa kuwa mawimbi ya koda hupita mwamba uleule mara nyingi, badiliko dogo hujilimbikiza. Mwaka 1984 Georges Poupinet na wenzake walilinganisha matetemeko pacha, yaani yanayofanana sana, ya ufa wa Calaveras, California, moja la kabla na jingine la baada ya tetemeko la Coyote Lake la 1979. Mianzo ya michoro ililingana. Mikia iliachana kidogo kidogo kadiri muda ulivyosogea. Wakahesabu kuwa kasi ya mawimbi ya S katika sehemu ya ufa huo ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 0.2.