Kundi la Damu na Sahani ya Mgonjwa wa Kisukari

Mwanamke wa Kabuku, aghalabu, hulijua kundi lake la damu kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Herufi na alama ya kujumlisha au kutoa huandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, naye huihifadhi kadi hiyo pamoja na vyeti vya watoto. Mwanamume hulijua siku anapochangia damu. Miaka mingi baadaye, mtu huyo akiambiwa kuwa ana kisukari, herufi ile hupewa kazi mpya. Jamaa aliye mjini humtumia ujumbe wa simu: mwenye kundi O ale nyama kwa wingi na apunguze nafaka, mwenye A aache nyama ale mboga, mwenye B ajiepushe na kuku, mahindi na karanga. Mgonjwa huibeba kadi hadi kituo cha afya na kuuliza apike nini.

Jibu ni kwamba kundi la damu halina neno katika chakula cha mwenye kisukari. Hata hivyo, kumwambia mgonjwa hivyo na kumruhusu aende hakutoshi. Mafundisho haya yana asili yake, yana chembe ya ukweli iliyopotoshwa, na yakifuatwa katika mji mdogo kama Kabuku yanaweza kumdhuru mtu.

Makundi ya A, B na O yalielezwa na Karl Landsteiner huko Vienna mwaka 1901, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Tofauti ya makundi inatokana na alama ndogo zilizo juu ya chembe nyekundu za damu. Alama hizo zimeumbwa kwa sukari, jambo linaloweza kumchanganya msikilizaji. Lakini sukari hiyo ni sehemu ya ukuta wa chembe, wala siyo glukosi inayopimwa kwa kuchoma kidole. Mgonjwa anaweza kuwa na kundi lolote, na glukosi yake ikapanda au kushuka kwa sababu nyingine kabisa: kongosho lake linatoa insulini kiasi gani, mwili unaitikia insulini hiyo vipi, amekula nini, amefanya kazi gani, ametumia dawa au hakutumia.

Nadharia ya kula kwa kufuata kundi la damu ilienezwa hasa na Peter D'Adamo wa Marekani katika kitabu alichokitoa mwaka 1996. Alidai kwamba kundi O ndilo kongwe, la wawindaji, na kwamba A lilizaliwa pamoja na kilimo, kisha B pamoja na ufugaji. Elimu ya urithi haikubaliani naye. Alama za A na B zinaonekana pia kwa baadhi ya nyani wakubwa, kwa hiyo zina umri mkubwa kuliko binadamu mwenyewe. Na kundi O hutokea pale kimeng'enya kinachotengeneza alama hizo kinapoharibika. Mwenye O, basi, si mwindaji wa kale aliyesahauliwa katika shamba la mahindi.

Chembe ya ukweli iko kwenye lektini, protini zinazopatikana katika mbegu nyingi, hasa jamii ya kunde. Katika maabara, baadhi ya lektini hugandisha chembe nyekundu za kundi moja na kuziacha za kundi jingine. Ile ya mmea uitwao Dolichos biflorus hutumika kutambua chembe za kundi A. Kutokana na hilo ikahitimishwa kwamba chakula kisicholingana na kundi huigandisha damu ya mlaji. Lakini chungu si kichupa cha maabara. Lektini nyingi za maharage huharibika zinapochemshwa vizuri. Maharage mekundu yasiyoiva, ambayo kweli husababisha kutapika na kuhara, humdhuru mtu wa kila kundi bila ubaguzi. Wapishi wa Kabuku, wanaoyaloweka maharage na kuyachemsha mpaka yalainike, walikwisha kulitatua tatizo hilo pasipo kuuliza kundi la mtu.

Wataalamu hawakuipuuza nadharia hii. Mwaka 2013 watafiti wa Ubelgiji walipitia machapisho yaliyokuwapo wasipate ushahidi wa kuiunga mkono. Mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Toronto kilichapisha matokeo ya watu 1,455, wengi wao vijana. Waliokula kwa namna iliyokaribia mlo wa kundi A, yaani mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, walikuwa na kiuno chembamba zaidi, shinikizo la damu la chini na insulini ya chini. Faida hiyo ilionekana kwa watu wa makundi yote, si wa A peke yao. Hapa ndipo penye siri ya shuhuda nyingi: mtu ameacha soda, maandazi na vyakula vya kukaanga, sukari yake imeshuka, kisha sifa ikapewa herufi iliyo kwenye kadi.

Kuna utafiti mwingine ambao mhudumu wa afya anaweza kuulizwa. Huko Ufaransa, wanawake 82,104 walifuatiliwa kuanzia mwaka 1990 hadi 2008, na wenye kundi B chanya walionekana kupata kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 35 zaidi ya wenye O hasi. Matokeo hayo yanahusu uwezekano wa kuugua. Hayasemi lolote juu ya nini kipikwe baada ya kuugua. Tena mwenye O asijione amekingwa. Tanzania, ambako O ndilo kundi la watu wengi kuliko mengine, utafiti wa vijiji sita uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wazima wasiofikia mmoja katika mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani tisa katika mia kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ingawa tafiti hizo hazikupima watu wa aina moja, ongezeko hilo haliwezi kuelezwa kwa kundi la damu, kwa kuwa makundi ya damu ya taifa hayabadiliki katika miaka ishirini na mitatu. Kilichobadilika ni maisha.

Turudi Kabuku, kando ya barabara kuu ya Chalinze na Segera. Mkulima mwenye kundi O anayetumia glibenklamaidi au insulini anaamua jioni moja kuacha ugali, kwa kuwa mahindi si ya kundi lake. Nyama aliyoelekezwa hana fedha ya kuinunua kila siku. Anameza dawa kama kawaida, anakula mboga kidogo, na alfajiri anaondoka kwenda shambani. Saa nne anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanamkwama. Sukari imeshuka chini ya milimoli 4 kwa lita, na walio karibu wanaweza kudhani ni malaria au ulevi. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kisha chakula, na apimwe. Akiwa amepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Akimbizwe kituo cha afya. Ndiyo sababu mhudumu anayesikia habari za mlo wa kundi la damu hana budi kuuliza mara moja mgonjwa anatumia dawa gani na ameacha chakula kipi. Na kwa mwenye figo zilizokwisha kuathirika, kujishindilia nyama ni kuongeza mzigo juu ya mzigo.

Chakula kinachomfaa kinapatikana gulioni. Nusu ya sahani iwe mboga: kisamvu, mchicha, bamia, tembele, mlenda. Robo iwe kunde, mbaazi, maharage, dagaa au yai. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, na dona ni bora kuliko sembe. Bada, ugali wa muhogo, ni wanga vilevile, hata kama bibi anauita chakula cha asili. Chungwa moja likiliwa zima si sawa na glasi ya juisi iliyokamua machungwa manne. Katika mkoa wa Tanga, ambako machungwa hurundikwa barabarani, ushauri huu unastahili kurudiwa. Anayeweza kupima apime saa mbili baada ya kula: kwa wengi, kipimo kikiwa chini ya milimoli 10, mlo ule umekubalika.

Kundi la damu lina heshima yake mahali pengine. Mgonjwa akihitaji kuongezewa damu, herufi ile inaokoa maisha. Mwenye O pia ana kinga kiasi dhidi ya malaria kali, jambo la maana katika nyanda za chini za Handeni na Korogwe.

Na kama mhudumu anataka kuuliza jambo la urithi wa damu linalogusa kisukari kwelikweli, aulize kuhusu selimundu. Wenye vinasaba vya selimundu, hata wasio wagonjwa, wanaweza kupata majibu ya HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi mitatu, yaliyo chini kuliko hali halisi. Mgonjwa anaambiwa anaendelea vizuri, huku vipimo vya kidole vya asubuhi vikisoma milimoli 11 au 12. Majibu hayo mawili yakipingana, kipimo cha kidole kiandikwe kwenye faili kila ziara, na dawa zipangwe kwa kukifuata hicho.