ALS: Misuli inapogoma, bima ya afya hufika wapi?

UGONJWA unaodhoofisha misuli hadi mgonjwa ashindwe kutembea, kusema, kumeza na hatimaye kupumua bado haufahamiki sana kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam. Kwa kifupi huitwa ALS. Hauna dawa ya kuuponya, na mzigo wake huiangukia familia nzima.

ALS huua seli za fahamu zilizomo katika ubongo na uti wa mgongo ambazo kazi yake ni kuiamuru misuli. Misuli inapokosa amri husinyaa, ingawa akili ya wagonjwa wengi hubaki timamu.

Mwanzoni mgonjwa hudondosha kikombe, hujikwaa au husema kwa kukokota maneno. Jamaa hudhani ni kiharusi, na wapo wanaosema amerogwa. Lakini kiharusi huja ghafla, ilhali ALS hunyemelea kwa miezi. Hauambukizi, na wanaourithi hawazidi takriban 10 kwa kila wagonjwa 100.

Wagonjwa wengi huishi kati ya miaka miwili na mitano tangu dalili zianze. Mwanasayansi wa Uingereza, Stephen Hawking, aliyegundulika mwaka 1963 na kufariki dunia mwaka 2018, alikuwa wa kipekee. Dawa ya riluzole, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, huongeza miezi michache tu.

Kwa mkazi wa Sinza, safari ya tiba inaweza kuanzia Hospitali ya Sinza, maarufu kama Palestina, na kuishia Muhimbili kwa madaktari bingwa. Mwenye kadi ya bima hana budi kufuata utaratibu wa rufaa.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianza kazi mwaka 2001. Mtumishi huchangia asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri asilimia 3. Shaka huja pale mgonjwa anapoacha kazi kwa kushindwa, kwa kuwa makato ya mshahara nayo hukoma. Ndiyo maana familia inashauriwa kuuliza mapema namna uanachama utakavyoendelea.

Aidha, mwanachama wa NSSF aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi anaweza kuomba pensheni ya ulemavu, akitimiza masharti ya michango na kuthibitishwa kitabibu. Nayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kazini.

Hata hivyo, gharama nyingi za ALS hazimo katika sindano wala vidonge. Zimo katika kiti cha magurudumu, chakula laini, teksi ya kwenda kliniki kwa asiyeweza tena kupanda daladala pale Shekilango, na ndugu anayeacha biashara yake ili kumgeuza mgonjwa kitandani.

Uzoefu wa kwingineko unaonyesha kuwa sauti ya wagonjwa huweza kubadili sheria. Marekani, tangu mwaka 2001, mgonjwa wa ALS aliyekubaliwa malipo ya ulemavu hasubiri miezi 24 kupata bima ya serikali. Mwaka 2020 ikafutwa pia miezi mitano ya kuyasubiri malipo yenyewe. Hoja ilikuwa nyepesi: ugonjwa huu haungoji. Afrika Kusini, mchezaji wa raga Joost van der Westhuizen aliugua, akaanzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wenzake kabla ya kufariki mwaka 2017.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwa wagonjwa wa maradhi adimu, swali si kuwa na kadi pekee, bali kadi hiyo inagharimia nini: vifaa, mazoezi ya viungo, mashine ya kupumulia na tiba shufaa nyumbani.

Familia zinashauriwa kutunza vyeti vyote vya hospitali, kuomba majibu ya bima kwa maandishi, na kujadili matakwa ya mgonjwa angali anaweza kusema.