Diski za seva mpakani: Kadi au programu?

WAKALA wa forodha mjini Malaba anayehifadhi hati za mizigo katika seva yake hana budi kujiuliza mapema: diski ikiharibika usiku, huku malori yamepanga foleni, kazi itaendeleaje?

Jibu la kawaida ni kuziunganisha diski kwa utaratibu wa RAID, ulioelezwa mwaka 1988 na wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Diski nne za terabaiti 1 kila moja, zikipangwa kwa RAID 5, hutoa nafasi ya terabaiti 3 na kustahimili kufa kwa diski moja tu.

Ugumu uko katika kuchagua chombo cha kuzipanga. Kadi ya RAID huja na programu ya mtengenezaji wake, na ikiwa na betri hulinda data zilizokuwa zikiandikwa umeme ulipokatika. Lakini kadi hiyo ikiungua, mara nyingi sharti itafutwe nyingine ya jamii hiyo hiyo, nayo si bidhaa ya kuokotwa kando ya barabara ya Busia.

Programu ya mdadm, itumikayo katika Linux, haihitaji kadi. Maelezo ya mpangilio huandikwa ndani ya diski zenyewe. Seva ikifa, diski huhamishiwa kompyuta nyingine yenye Linux na kusomwa. Kwa ofisi ndogo iliyo mbali na Nairobi, hilo ndilo chaguo la busara, mradi seva iwe na betri ya akiba.

Hata hivyo, hati iliyofutwa kwa makosa hutoweka katika diski zote papo hapo. Nakala nyingine na iwekwe nje ya ofisi, hata Kisumu au Eldoret.